Seli shina zinajuaje njia ya kwenda moyoni?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, ana kisukari, na mwaka jana alipata mshtuko wa moyo. Aliwekewa stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia ateri ibaki wazi) lakini moyo umebaki dhaifu, kwenye eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, EF (sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kwa kila pigo) ilisoma asilimia 32. Ndugu yetu aliyeko ughaibuni ametutumia tangazo la kliniki inayotoa seli shina kwa dripu ya mkononi. Wanasema moyo ulioumia "unaziita" seli hizo na zenyewe zinakwenda. Je, ni kweli zinaitwa? Zinajuaje njia? Na huu unga wa seli shina za tufaha unaouzwa mitaani nao unasaidia? Tumeanza kutafuta mteja wa kiwanja.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lililo kweli kwenye tangazo hilo, maana lipo: moyo ulioumia unaita. Haya si maneno ya wauzaji, ni baiolojia iliyopimwa maabara kwa zaidi ya miaka 20. Lakini seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, wanazokuuzia kwa sehemu kubwa hazisikii mwito huo, mshipa wa mkono hauzifikishi moyoni, na mwito wenyewe hudumu siku chache tu baada ya tukio. Baba yako alipata mshtuko mwaka jana.

Tuanze pale ateri ya moyo inapoziba. Misuli iliyokuwa inalishwa na ateri hiyo inakosa oksijeni. Ndani ya kila seli kuna protini iitwayo HIF-1 ambayo, oksijeni ikiwepo ya kutosha, sehemu yake moja huvunjwa kila inapotengenezwa, kwa hiyo haipati nafasi ya kufanya kazi. Oksijeni ikipungua uvunjaji unasimama, HIF-1 inarundikana, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. (Utaratibu huu wa seli kuhisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobeli mwaka 2019.) Miongoni mwa jeni zinazowashwa kuna ya VEGF, inayochochea mishipa midogo ya damu kuota, na kuna ya SDF-1, ambayo vitabu vya sasa huiita CXCL12. Hii ya pili ndiyo mwito wenyewe.

SDF-1 ni protini ndogo mno. Umbo lake la kawaida lina amino asidi 68 tu. Inatolewa nje ya seli na kunasa kwenye nyuzi za sukari zilizofunika kuta za ndani za mishipa ya damu. Kunasa huko ni muhimu, kwani bila hivyo mkondo wa damu ungeisomba yote. Seli yenye kipokezi kiitwacho CXCR4 kwenye uso wake ndiyo inayoweza kuihisi, na isiyo nacho itapita hapo bila habari. Kama jina CXCR4 si geni kwako, huenda ulikutana nalo kwenye somo la UKIMWI. Mwaka 1996 iligundulika kwamba virusi vya UKIMWI, baada ya kushika CD4, kipokezi cha kwanza kwenye chembe nyeupe, huhitaji kipokezi cha pili ili viingie ndani ya seli, na CXCR4 ni kimojawapo. Aina D ya virusi hivyo, iliyoenea Uganda, hukitumia mara nyingi zaidi kuliko aina A na C. Kipokezi hakikuumbwa kwa ajili ya virusi, bila shaka. Kazi yake ya asili ni kuongoza seli zinazosafiri.

Zinajuaje njia, sasa? Seli haina ramani. Inachopima ni tofauti ya ukolezi. Ukiingia nyumba ya watu wa Pwani siku ya harusi, pua itakupeleka hadi kwenye chetezo bila kuuliza mtu, kwa sababu kila hatua harufu inazidi; lakini udi uleule ukifukizwa sawasawa nyumba nzima, utajua udi upo na hutajua uko wapi. Seli nayo ina vipokezi mwili mzima. Upande unaoelekea kwenye jeraha hunasa SDF-1 nyingi kidogo kuliko upande wa nyuma, na tofauti hiyo ndogo inakuzwa ndani yake. Vimeng'enya vinawashwa upande wa mbele, nyuzi za protini ya aktini zinasukuma utando kutoa kama mguu, nyuma protini nyingine, miosini, inakaza na kuvuta mwili. Seli inasogea, inapima tena, inasogea tena.

Ikiwa bado ndani ya mshipa wa damu, kuna kazi ya ziada. Kwanza inabingirika taratibu ukutani ikishikwashikwa na protini ziitwazo selektini. Ikikutana na SDF-1 iliyonasa pale ukutani, vishikio vyake viitwavyo integrini vinabadilika umbo na kukaza, inasimama, kisha inajipenyeza katikati ya seli za ukuta hadi kwenye nyama. Hatua hizi zote hufanyika huku damu ikipita kwa kasi, ndiyo maana seli nyingi zinashindwa.

Nilisema tofauti ya ukolezi ndiyo kila kitu, kwa hiyo mwili unalazimika pia kufagia. Kuna kipokezi cha pili cha SDF-1, kiitwacho CXCR7, ambacho seli hukitumia kuimeza na kuiharibu, ili isije ikajaa kila mahali na mwelekeo ukapotea. Watu wengi wanaofikiria tiba hii husahau upande huo: kuongeza SDF-1 kwenye damu yote hakuiti seli moyoni, kunazitoa tu zilipokuwa na kuziacha zikizunguka.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mfumo huu unaweza kujenga moyo upya hautoki kwa binadamu. Unatoka kwa samaki mdogo wa maabara, pundamilia wa majini, ambaye mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba ukimkata karibu asilimia 20 ya ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu, anaiotesha tena ndani ya miezi michache. Mwaka 2012 watafiti walizuia CXCR4 kwa samaki hao kwa kutumia dawa. Seli za misuli ya moyo ziliendelea kugawanyika kama kawaida, ila hazikuhamia kwenye jeraha, na pengo halikuzibika. Angalia vizuri hapo: seli zilizokuwa zinahama ni za misuli ya moyo wenyewe, zilizokuwepo pale pale, wala hazikuja kutoka mbali. Panya aliyezaliwa leo naye anaweza kurudishia moyo wake, lakini akifika siku ya saba uwezo huo umekwisha. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba kwa panya hao wachanga SDF-1 hufanya jambo jingine kabisa: huvuta seli za ateri zitoke kwenye ateri nzima, zitembee juu ya mishipa midogo na kujipanga upya kuwa njia ya pembeni ya damu.

Sisi watu wazima moyo wetu ni mgumu zaidi. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén kule Stockholm lilitumia kaboni-14 iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia kukadiria umri wa seli za moyo. Wakakuta mtu wa miaka 25 anabadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Ventrikali ya kushoto ina seli kama hizo bilioni 2 hadi 4, na mshtuko mkubwa unaweza kuua bilioni moja ndani ya saa chache. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti watafute seli kutoka nje ya moyo, na hapo ndipo uboho wa mifupa ulipoingia.

Uboho ni makazi ya seli shina za damu, na kinachozishikilia mle ni SDF-1 ileile. Seli za ndani ya mfupa huitoa mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Wagonjwa wa saratani wanaochomwa filgrastimu ili chembe nyeupe zipande wanaujua mchezo huu bila kuambiwa: dawa hiyo hupunguza SDF-1 ndani ya uboho, nazo seli shina humwagika kwenye damu. Plerixafor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, huziba CXCR4 moja kwa moja na kupata matokeo yaleyale kwa saa chache. Na ukitaka kuona tiba ya seli shina kwa dripu inayofanya kazi kweli, nenda Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanakopandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Seli zinaingizwa mshipani kama damu ya kawaida, na zenyewe zinatafuta mfupa. Hakuna anayezielekeza. Zinafika kwa sababu zina CXCR4, na kwa sababu mfupa haunyamazi.

Moyo unanyamaza, na tofauti kati ya mtoto wa Dodoma na baba yako iko hapo. Mwaka 2003 kundi la Marc Penn, Cleveland, lilionyesha kwamba kwa panya SDF-1 hupanda moyoni ndani ya saa moja baada ya mshtuko, na ikifika wiki imeshashuka. Walipowapa panya wenye makovu ya wiki nane dawa ya kumwaga seli kutoka kwenye uboho, seli zilijaa kwenye damu lakini hazikuingia moyoni. Walipopandikiza kwanza moyoni seli zilizobadilishwa jeni ili zitoe SDF-1, ndipo zikaanza kuingia, na moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio moja linalojibu swali lako kuliko mengine yote.

Kwa nini mwito haudumu? Sababu mojawapo ni mkasi. Kuna kimeng'enya kiitwacho DPP-4 ambacho hukata amino asidi mbili za mwanzo za SDF-1. Kipande kinachobaki bado kinaweza kukaa kwenye CXCR4, lakini hakiiambii seli chochote. Vimeng'enya vingine vinavyofumuka kwenye jeraha hukata pia. Usishangae jina DPP-4 likiwa limeandikwa kwenye karatasi ya dawa za baba, maana sitagliptini, vildagliptini na ndugu zake wanaopewa wagonjwa wa kisukari kazi yao ni kukizuia kimeng'enya hichohicho.

Unaweza kuona mawazo yalikoelekea. Mwaka 2009 kundi la Munich liliwapa panya dawa ya kumwaga seli kutoka kwenye uboho pamoja na kizuizi cha DPP-4. Seli nyingi zaidi ziliingia moyoni na panya wengi zaidi waliishi. Wakaenda kwa binadamu: wagonjwa 174 waliotoka kupata mshtuko, nusu wakapewa sitagliptini na dawa ile ya uboho, nusu plasebo, yaani dawa bandia ya kulinganishia. Dawa hazikuleta madhara makubwa, ila moyo haukupata nguvu kuliko kwa wale wa plasebo. Wengine wakachukua njia ya kuufanya moyo wenyewe utoe SDF-1: walichoma jeni yake moja kwa moja kwenye ukuta wa moyo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, wagonjwa 93 wenye moyo dhaifu kama wa baba yako. Baada ya miezi minne umbali wanaotembea na jinsi wanavyojisikia havikutofautiana na plasebo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kulikuwa na dalili nzuri kwa wale waliokuwa na EF ya chini zaidi, lakini dalili ya kundi dogo ndani ya jaribio lililoshindwa haiuzwi kama tiba. Inaanzishiwa jaribio jingine.

Sasa hiyo dripu ya mkononi. Mwaka 2005 madaktari wa Hannover walizitia seli za uboho alama ya mionzi ili waone zinakwenda wapi. Zilipopitishwa kwa katheta hadi kwenye ateri ya moyo iliyozibuliwa, asilimia 1.3 hadi 2.6 tu ndizo zilizobaki moyoni baada ya saa moja hivi. Nyingi zilionekana kwenye ini na bandama. Walipochagua zile zenye CD34 pekee, protini ya usoni inayotambulisha seli shina za damu, zilizobaki zilikuwa asilimia 14 hadi 39, jambo linaloonyesha kwamba aina ya seli ina uzito mkubwa. Na zilipotiwa kwa mshipa wa mkono? Moyoni hawakuona kitu cha kuhesabika. Hao walikuwa watu waliopata mshtuko siku chache tu kabla, wakati mwito bado upo.

Kliniki nyingi za matangazo hutumia seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga na kukuzwa maabara hadi ziwe mamilioni. Hizo ni kubwa kuliko upenyo wa kapilari, na kutoka mkononi kituo cha kwanza ni mapafu, ambako nyingi hunasa. Isitoshe, zikikuzwa kwenye sahani kwa wiki kadhaa, nyingi hupoteza CXCR4 kwenye uso wake. Hata moyo ungekuwa unaita, hazina cha kusikilizia.

Kuna kisa hapa ambacho wauzaji wakikijua watakigeuza, kwa hiyo bora ukisikie kwangu. Mwaka 2009 watafiti waliwachoma panya wenye mshtuko wa moyo seli za namna hiyo kwa mshipa. Karibu zote zilinasa mapafuni, na bado mioyo ikapata nafuu. Ilikuja kuonekana kwamba seli zile, zikiwa zimekwama, zilitoa protini iitwayo TSG-6 inayopunguza uvimbe. Mwaka 2019 maabara ya Jeffery Molkentin kule Cincinnati ikaenda mbali zaidi: walichoma seli hai, seli zilizokufa, na hata zaimosani, ambayo ni unga wa ukuta wa hamira, ndani ya mioyo ya panya. Vyote vitatu vilisaidia kwa kiasi kinachofanana, kwa sababu vyote viliamsha makrofaji, walinzi wa mwili, na makrofaji wakatengeneza kovu lililo imara zaidi. Kwa maneno mengine, seli shina si lazima ziwe hai, wala si lazima ziwe seli shina.

Hilo linagusa jambo chungu kidogo katika fani yetu. Mwaka 2001 makala moja mashuhuri ilidai kwamba seli za uboho za panya zikiwekwa kwenye moyo hugeuka kuwa misuli ya moyo. Mwaka 2004 maabara mbili tofauti zilirudia na kukuta hazigeuki. Zinabaki kuwa seli za damu. Dai jingine linalofanana nalo, kwamba moyo wa mtu mzima una akiba yake ya seli shina zinazotambulika kwa protini ya usoni iitwayo c-kit, nalo lilianguka, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali yake ya Brigham walipendekeza makala 31 za maabara ya Piero Anversa, aliyekuwa kinara wa madai hayo, ziondolewe majaridani. Majaribio mengi ya binadamu yalikuwa yameshaanza kwa kutegemea madai hayo. Matangazo mengi ya leo bado yanayategemea.

Sikatai kwamba kuna kinachokuja. Mimi binafsi naona tumaini kubwa zaidi lipo kwa wale walioacha kusubiri seli zisafiri. Göttingen, Ujerumani, wanakuza misuli ya moyo kutoka kwenye seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina, wanaitengeneza kuwa kiraka na kuishonea juu ya moyo. Mwaka 2025 walichapisha matokeo ya nyani na ya mgonjwa mmoja wa kwanza. Hapo hakuna cha kuita wala kuitwa, maana seli zinapelekwa kwa mkono wa daktari wa upasuaji. SDF-1 na VEGF zinabaki na kazi ya kuhakikisha mishipa ya damu inakikuta kiraka hicho kabla hakijafa njaa. Haya yanafanyika ndani ya majaribio rasmi, na mgonjwa halipi kushiriki. Ukiona mtu anadai malipo kwa kitu anachokiita utafiti, ondoka.

Kiwanja kibaki.

Kuhusu baba sasa. EF ya asilimia 32 si hukumu. Kuna makundi manne ya vidonge yenye ushahidi kwa moyo wa namna hiyo, na kuna watu ambao EF yao hupanda ndani ya miezi kadhaa wakivitumia vyote kwa dozi kamili. Mpelekeni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au kwa daktari wa moyo aliye karibu nanyi, na muulize swali moja mahususi: je, yuko kwenye makundi yote manne, na kama siyo, kwa nini? Kundi mojawapo, la akina dapaglifozini na empaglifozini, ni dawa za kisukari pia, kwa hiyo kwake linafanya kazi mbili. Muulize vilevile kama kipimo cha eko kirudiwe, maana misuli iliyozubaa baada ya mshtuko huchukua wiki kadhaa kuamka na namba ya mwanzo inaweza kudanganya.

Kama anameza sitagliptini, asiiache kwa sababu ya haya niliyoandika, wala asiianze akidhani itaita seli. Utafiti wa mwaka 2015 wenye wagonjwa zaidi ya 14,000 haukuona ikiongeza kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, na haukuona ikipunguza. Saxagliptini ni habari nyingine: utafiti wa mwaka 2013 ulikuta kulazwa huko kumeongezeka kwa asilimia 27, kwa hiyo kama jina hilo ndilo lililo kwenye boksi lake, litajeni kwa daktari.

Na unga wa tufaha. Seli za tufaha ni seli za mmea. Hazina CXCR4, na hata zingekuwa nacho, tumbo linazisaga kama linavyosaga tufaha lenyewe. Kinachobaki ni sukari na nyuzinyuzi, na kwa mgonjwa wa kisukari sukari hiyo nayo ihesabiwe. Lakini si unga unaonitisha. Ninachoogopa ni wauzaji wanaomwambia mgonjwa "pumzisha dawa za hospitali kwanza". Baba ana stenti. Kama ameshaanza unga na ameacha aspirini au klopidogreli, dawa zinazozuia damu kuganda, mpigie daktari wake leo hii, usisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu stenti ikiganda damu ndani yake hufunga ghafla, na pale mtakuwa mnahesabu dakika.